Shamsa, Mama Mkwe na Kuku Wenye Vipara

Pale Soni, juu kidogo ya soko la mboga, kuna kibanda cha mabati ambacho mchana kutwa kinanguruma. Humo ndimo Shamsa Selemani anasaga na kuchanganya chakula cha kuku. Ni mwanamke mrefu, anayecheka kwa mwili mzima, na akishika koleo la kuchanganyia pumba hakuna mwanaume wa mtaa ule anayethubutu kumwambia “lete nikusaidie.” Wengi wanamwita Mama Zuhura, kwa jina la binti yake wa kwanza, aliyeolewa Korogwe.

Kazi hii hakuianza kwa kupenda. Alizaliwa Mlola, akaolewa Soni, na kwa miaka mingi aliuza kabichi na karoti sokoni kama wenzake. Kuku alikuwa nao nyuma ya nyumba, kuku wa kuchinja mgeni akija. Baadaye akaleta chotara, wale wanaokua upesi, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Chotara hawaridhiki na makombo. Chakula chao kilikuwa kinapanda na lori kutoka Tanga, na mvua kubwa zikinyesha, udongo ukiporomoka barabarani kule chini kuelekea Mombo, lori halifiki. Kuku wanabaki wakimtazama Shamsa, naye anabaki akiwatazama.

“Hivi hicho chakula kina nini ambacho sisi hatuna?” alimuuliza mume wake siku moja.

Nassoro, mume wake, ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Alifikiri, akasema, “Mashine.”

Akamtengenezea mashine. Shamsa akaenda kwenye mafunzo ya wafugaji pale Lushoto, akarudi akijua kuchanganya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na soya. Kila kitu kilikuwa rahisi ila soya, maana soya hailiwi mbichi na kuku. Lazima ipite motoni kwanza. Kazi ya moto ikaangukia mikononi mwa Bi Hadija, mama yake Nassoro.

Kumpa mtu mwingine kazi ile ingekuwa tusi. Bi Hadija alikuwa mkaangaji wa kahawa mwenye jina. Harusi, maulidi, hitima, watu walimfuata yeye, na walikuwa wakisema kahawa yake unaijua kwa harufu kabla hujaiona. Basi na soya akaikaanga vile vile: kikaango kipana, mwiko mrefu, moto wa kuni za mkaratusi, mpaka punje zigeuke rangi ya kahawa yenyewe, ziwe nyeusi zinang’aa. Harufu ilijaa Soni yote. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama wakachota kiganja wakatafuna kama karanga. Wafugaji wakisikia ile harufu wanasema, “Hiki ndicho chakula.” Shamsa naye alijivunia. Akawa na wateja kuanzia Soni mpaka Mlola.

Kisha akaja Kristofa.

Kristofa ni mkulima wa Mlola, mtu wa mizaha, aliyesoma shule moja na Shamsa. Asubuhi hiyo ya baridi alishuka kwenye bodaboda amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya sweta la mtoto. Alipokifungua, akatoka tetea. Mbele alikuwa kuku. Nyuma alikuwa mwekundu, hana unyoya hata wa kusingizia.

“Mama Zuhura,” Kristofa alisema, “hebu mtazame huyu dada. Amevaa, au hajavaa?”

Watu waliokuwa kibandani walikufa kwa kicheko. Shamsa naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati.

“Wote wako hivi?”

“Wote. Wanadonoana, wanakula manyoya yao wenyewe. Na vifaranga hawakui. Nimewawekea mkaa, nimewapa dawa ya minyoo, nimemwita bwana mifugo. Amesema hawana ugonjwa. Sasa nimebaki na chakula tu cha kukishuku, na chakula ni chako. Sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza.”

Kilichomuuma Shamsa zaidi ni kwamba kuku wake mwenyewe walikuwa vile vile. Alikuwa ameyaona manyoya hafifu, ameona majogoo hawanenepi, akasingizia baridi, akasingizia utitiri. Alimpa Kristofa mfuko wa chakula cha kiwandani aliokuwa ameuweka akiba, akamshukuru kwa kuja kwake mwenyewe badala ya kumtangaza sokoni, na alipoondoka akaingia ndani ya kibanda akafunga mlango. Alikaa juu ya gunia la pumba akihisi amewadanganya watu wote wa milima ile bila kukusudia.

Alipotoka alikuwa ameshaamua. Akampigia simu Beatha.

Beatha alikuwa rafiki wa Zuhura tangu shuleni, binti wa mzee Sefania wa kule Kifungilo. Siku hizo alikuwa anafanya kazi katika maabara ya chakula cha mifugo mjini Tanga. Shamsa akamtumia kopo la chakula na kopo la soya iliyokaangwa kwa basi la asubuhi. Jibu la kwanza lilikuja kwa simu.

“Mama, shikamoo. Nimekipima. Protini ipo ya kutosha kabisa.”

“Marahaba. Sasa kama ipo, kuku wangu ni waongo?”

Beatha alicheka. “Hapana, mama. Kipimo hicho kinasema ipo. Hakisemi kama inafanya kazi. Niambie, hiyo soya mnaipikaje?”

Shamsa akamweleza, kwa fahari kidogo, juu ya kikaango na mkono wa Bi Hadija.

“Nakuja nyumbani kwa likizo,” Beatha alisema. “Nitapita hapo. Usimwambie bibi kitu kwanza.”

Alipofika, Bi Hadija alikuwa uani na mwiko wake. Beatha akamwamkia kwa adabu zote, akaambiwa marahaba mjukuu wangu, akapewa kiganja cha soya ya moto. Alitafuna moja. Alikubali kuwa ni tamu. Kisha akamvuta Shamsa kando, mpaka kwenye ukingo wa shamba la maharage.

“Protini imeundwa kwa vitu vidogo vidogo, tunaviita asidi amino,” alianza. “Kila kimoja kina kazi yake mwilini. Kuna kimoja kinaitwa laisini. Kuku akikikosa hakui, na hata manyoya yanakuwa hafifu. Sasa soya ikiungua, laisini inashikana na sukari iliyomo humo humo ndani ya punje, inaganda nayo. Ukiipima unaikuta. Lakini tumbo la kuku haliwezi kuibandua. Inaingia mdomoni, inatokea nyuma.”

Shamsa alifikiri. “Kama kibarua aliyefika shambani amefungwa mikono.”

“Hasa! Ukihesabu vibarua, yumo. Ukitazama shamba, halijalimwa. Soya yako niliitia kwenye maji makali ya pale maabara. Iliyoiva vizuri, sehemu kubwa ya protini yake inayeyuka. Yako ilikaa chini ya chupa kama mchanga.”

“Kwa hiyo ile harufu…”

“Ile harufu ndiyo laisini inavyoungua, mama. Samahani.”

Shamsa alitazama moshi uliokuwa ukipanda juu ya paa lake. Watu wawili walikuwa wanapita njiani, na mmoja alivuta pumzi ndefu akamwambia mwenzake, “Aisee.”

Jioni alimweleza mume wake. Nassoro aliweka kikombe chini taratibu.

“Utamwambia wewe,” Shamsa alisema. “Ni mama yako.”

“Ni mama yangu, lakini chakula ni chako,” Nassoro alijibu, akasimama, akakumbuka ghafla kwamba kuna geti la mtu hajalimalizia.

Basi Shamsa akapiga moyo konde. Kesho yake aliketi karibu na jiko, akamwambia mama mkwe wake yote, pole pole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Bi Hadija alisikiliza bila kuacha kukoroga. Alipomaliza kusikiliza, alitoa mwiko kwenye kikaango, akaufuta kwa pindo la kanga, akaulaza juu ya jiwe.

“Kahawa ya harusi yako niliikaanga mimi,” alisema.

“Najua, mama.”

“Kuna aliyelalamika?”

“Hakuna, mama.”

“Haya.” Akaingia ndani. Yaliyofuata aliyasema kwa Kishambaa, peke yake, nyuma ya pazia, haraka haraka, na yeyote anayemjua anajua kwamba akifika hapo hakatizwi.

Siku iliyofuata hakukuwa na moto uani. Shamsa alizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alijua fika kwamba akikosa chakula atapata kingine, lakini akimvunja moyo yule mama, aliyemfundisha hata kuwafunga watoto mgongoni, hatapata mwingine. Kabla ya adhuhuri Bi Hadija alitokea mlangoni, ameshavaa kofia yake ya sufu.

“Yule mtoto wa Sefania yuko wapi? Mwambie aje. Mimi sihukumiwi kwa chupa ya maji. Kuku ndio wanaokula, basi kuku ndio waseme.”

Beatha alifurahi mno, maana ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. “Bibi,” alisema, “hata sisi wa maabara tukishindwa kuamini chupa, tunamuuliza kifaranga.”

Wakapanga. Nassoro, akiwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi isiyo na maneno, alichomelea vizimba vinne vinavyofanana. Vifaranga wa siku moja waliletwa kwa kundi moja, wakagawanywa bila kuchaguliwa, na katikati ya vizimba vikawekwa vyungu vya mkaa, kwa sababu huko juu Juni haina huruma. Chakula kilikuwa kimoja kwa kila kitu isipokuwa soya. Cha kwanza kilikuwa na soya mbichi. Cha pili soya iliyokaangwa kidogo tu. Cha tatu soya nyeusi ya Bi Hadija. Cha nne soya hiyo hiyo nyeusi, ila Beatha aliongeza unga mweupe aliotoka nao Tanga, yaani laisini yenyewe, ikiwa huru.

“Hicho cha nne ndicho kitakachotuambia ukweli,” alimwambia Shamsa. “Wa tatu wakidumaa na wa nne wakakua, tutajua ni laisini iliyokosekana, wala si kitu kingine.”

Alifunga kitambaa cha kanga kwenye kila kizimba na kwenye mfuko wake: bluu, kijani, njano, nyekundu. Rangi ipi ni chakula kipi, alijua yeye na Shamsa tu. Kulisha akapewa Bi Hadija.

“Ukijua, mkono utapendelea,” Beatha alimwambia.

“Mkono wangu haupendelei,” Bi Hadija alisema, akachukua debe.

Habari zikasambaa sokoni. Wauza nyanya wakawa wanapanda kuchungulia, kila mtu na rangi yake. Mama mmoja wa viazi, Secilia, alishika kijani na kuanza kutamba kama mshabiki wa mpira. Mwanzoni vifaranga wote walikuwa sawa, mipira ya pamba inayolia. Kisha tofauti ikaanza kuonekana. Kijani walitanua mbawa. Nyekundu wakawafuata kwa karibu. Njano walibaki wadogo, manyoya yamesimama ovyo kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Bluu ndio walitia huruma zaidi, tumbo limevimba na miguu myembamba.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku isiyotarajiwa, Shamsa alitoka mapema kuliko kawaida akamkuta mama mkwe wake ameinama juu ya kizimba cha njano. Mkononi alikuwa na bakuli la minyoo ya ardhini, iliyokatwakatwa vizuri, na vifaranga walikuwa wanaigombania kwa fujo.

“Mama!”

Bi Hadija aliruka. “Usinipigie kelele.”

“Mama, tulikubaliana wale chakula chao tu!”

“Nilikubali, sikukataa. Lakini mimi siwezi kumwangalia mtoto anadumaa mbele yangu kila siku, wenzake wanakua. Hawa wana njaa, Shamsa. Wanakula wanashiba, lakini wana njaa. Hulioni hilo?”

Shamsa alijua njano ni chakula gani. Siri ilikuwa imemjia mdomoni, akaimeza. Alimshika tu mama mkwe wake mkono, akamwondoa pale kwa upole, wakaenda kunywa chai.

Alipompigia Beatha, aliyekuwa amesharudi kazini Tanga, kumweleza kwamba jaribio limeharibika, Beatha alicheka mpaka akakohoa. Minyoo imejaa laisini, alisema. Amewalisha mara ngapi? Siku mbili? Basi wapimeni leo, halafu minyoo ikome, na mwendelee. Wakafanya hivyo. Njano, waliokuwa wamechangamka kwa zile siku mbili za karamu, wakarudi kusinzia, na Bi Hadija akawa anawalisha huku amegeuza uso pembeni.

Siku ya kufungua siri, Beatha alipanda kutoka Tanga, na Kristofa alikuja kutoka Mlola bila kuitwa. Walipima vifaranga kwenye mizani ya jikoni, mmoja mmoja ndani ya bakuli, wengine wakinya humo na watu wakishangilia. Hakukuwa na haja kubwa ya mizani, macho yalitosha. Beatha akavifungua vile vitambaa.

“Kijani ni soya iliyokaangwa kidogo.”

Secilia alipiga kigelegele.

“Nyekundu ni iliyokaangwa sana, pamoja na laisini. Mnaona wanakaribia kijani. Bluu ni soya mbichi.” Akasita. “Njano ni iliyokaangwa sana, peke yake.”

Watu wote wakaanza kutazama vitu vingine. Kristofa alitazama viatu vyake. Nassoro alikagua kiungo cha kizimba alichokichomelea mwenyewe.

Bi Hadija alimnyanyua kifaranga mmoja wa njano, akampuliza manyoya, akatazama ngozi yake.

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nawadumaza,” alisema, “na mimi ndiye niliyewachimbia minyoo.”

“Mama…”

“Ngoja kwanza. Beatha, na hawa wa mbichi? Mbona ndio wabaya kabisa?”

“Soya mbichi ina kitu kinacholizuia tumbo lisimeng’enye protini, bibi. Moto unakiua. Bila moto haifai kabisa.”

“Basi moto ni lazima.”

“Ni lazima, bibi.”

“Ila si moto wa kahawa.”

“Si moto wa kahawa.”

Bi Hadija alimrudisha kifaranga kizimbani. Uso wake ulianza kukunjuka, kwanza kwenye pembe za macho, kisha mabega yakatikisika, na kabla mtu hajajua kama analia ama vipi, alikuwa anacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyetua mzigo. Shamsa akaangua naye. Kristofa akasema kwamba tetea wake nyumbani angependa kuombwa radhi, na hapo hata Nassoro akacheka.

Jioni hiyo hiyo moto uliwashwa. Beatha aliwaonyesha alichojua: rangi isizidi ya chapati iliyoiva, na punje ukiitafuna isiwe na ladha ya jani bichi. Mengine, namna ya kupunguza kuni, wakati wa kuongeza mwendo wa mwiko, namna ya kuimwaga haraka kwenye turubai isiendelee kujipika yenyewe, Bi Hadija aliyatafuta kwa mikono yake. Aliunguza soya ya kikaango kizima akijaribu, akaitupa. Kopo jingine la soya likapelekwa Tanga kwa basi, na safari hii Beatha alipiga simu akisema protini imeyeyuka vizuri.

Msukosuko ukabaki kwa wateja. Chakula kipya hakikunukia kama kile cha zamani, na wengine walinusa mfuko wakasema Mama Zuhura ameanza kuchakachua. Wawili watatu walihama. Shamsa hakugombana nao. Aliwapeleka uani akawaonyesha njano na kijani, ambao alikuwa amewaacha makusudi bila kuwachanganya, akawaambia wachague wenyewe. Kwa wale waliokuwa na kuku wenye vipara aliwapa mfuko wa kwanza bure na kuwaomba msamaha ana kwa ana, nyumba kwa nyumba, hadi Mlola. Ilimchosha miguu, lakini alirudi mwepesi. Kuku wa Kristofa waliota manyoya tena pole pole, kwanza kama miiba, kisha kama kuku, na alituma picha kwenye simu akiandika kwamba dada sasa amevaa.

Vile vizimba vinne havijaondoka uani. Shamsa akipata mashudu mapya, au dagaa wa mahali asipopajua, hawauzii watu kabla ya kuwauliza vifaranga, na Beatha humtumia ule unga mweupe kidogo kidogo kwa ajili ya kulinganisha. Njano walipelekwa kwenye chakula kizuri baada ya kazi yao kwisha. Walikua, ingawa hawakuwafikia wenzao.

Mwaka huu kikundi cha akina mama wa Mlola wanaolima soya kilimwita Shamsa akawafundishe. Alikwenda na Bi Hadija, aliyekaa mbele kwenye gari la Nassoro na mwiko wake magotini. Shamsa alieleza juu ya laisini na vibarua waliofungwa mikono, akina mama wakacheka, wakaelewa. Kisha Bi Hadija akasogea motoni, akawaita waje karibu, akamnyang’anya kuni mwanamke mmoja aliyekuwa anachochea kwa pupa.

“Taratibu,” alimwambia. “Hapa hatukaangi kwa ajili ya pua.”

Walirudi Soni jua likizama, wamepewa kapu la mapeasi, na njia nzima wakabishana kama zile punje za mwisho zilizidi moto au hazikuzidi.